Umeacha ngano, tumbo bado linasumbua?

Mgonjwa wa siliaki aliyeacha chapati na mandazi anaweza kuendelea kuumwa tumbo, kuharisha au kuishiwa nguvu. Hiyo si sababu ya kurudia ngano. Gluteni, protini iliyo katika ngano na shayiri, huwa imeujeruhi utumbo mwembamba. Kwa watu wazima, kupona kabisa kwaweza kupita mwaka mmoja.

Dalili zisipopungua, chunguza kwanza ngano inayoingia bila kuonekana. Mahindi, wimbi, mtama na mihogo, vyakula vya kila siku hapa Lwakhakha, havina gluteni. Lakini unga wake huchanganyika na ngano ukisagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Muulize mwenye mashine kabla ya kusaga. Epuka pia viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya mandazi, na unga wa uji usiojua umechanganywa nini.

Maziwa nayo huweza kusumbua kwa muda hadi utumbo upone.

Ukiendelea kuharisha, kupungua uzani au kuona damu chooni, fika kituo cha afya upimwe: huenda ni amiba au ugonjwa mwingine. Usibadilishe mlo kabla ya kumwona daktari.