Mchanga haupindui gari, tairi iliyokwenda ubavu ndiyo inapindua

Wadau, mada ya leo inawahusu wanaoshika usukani nje ya lami, na zaidi wale wanaopanda juu ya mizigo. Ukishaacha lami Mpanda ukaingia njia za vijijini upande wa Kasekese, wakati wa kiangazi utakutana na vumbi, moramu iliyolegea na vipande vya mchanga vilivyosombwa na mvua. Makorongo nayo yakikauka, magari yanakatiza humo humo. Gari likipinduka utasikia watu wanasema "mchanga unateleza bwana". Hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Gari likiteleza tu halipinduki. Linapinduka pale linapoteleza kwa ubavu halafu tairi zikagoma. Tairi zinachimba, mchanga unajilundika pembeni yake kama tuta, tairi zinasimama, lakini bodi na mzigo bado vina mwendo. Ni kama mtu anayekimbia akajikwaa: miguu inabaki, kifua kinatangulia. NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, inasema kati ya ajali za gari kupinduka bila kugongana na jingine, asilimia 95 ni za "kujikwaa" hivyo, kwenye udongo laini, ukingo au mtaro.

Sasa hesabu kidogo, msikimbie! Chukua upana kati ya tairi ya kushoto na ya kulia, gawa kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili. Tuseme upana ni sentimita 150 na kitovu kiko sentimita 75 kutoka chini: 150 gawa kwa 150, unapata 1. Pakia magunia ya mahindi kitovu kipande hadi 85, unapata 0.88. Namba ikishuka, gari linapinduka kirahisi zaidi. Kwa vipimo vya hao NHTSA, magari madogo mengi yako kati ya 1.3 na 1.5, na yale marefu pamoja na pikapu kati ya 1.0 na 1.3. Na hapo ni kabla hujapandisha abiria juu. Watu 10 wa kilo 60 ni kilo 600 zilizokaa juu ya kila kitu, tena zinayumba kila kona.

Kwa hiyo kazi ya dereva ni moja: tairi zisiende ubavu. Afanyeje?

1. Mwendo upungue kabla ya mchanga, siyo ndani yake. Ukikanyaga breki kwa nguvu mchangani, tairi za mbele zinachimba na gari linaweza kugeuka ubavu.

2. Usikate usukani ghafla. Gari likianza kuteleza nyuma, achia mafuta taratibu, elekeza tairi za mbele kule nyuma inakokwenda, kisha nyoosha polepole. Wengi wanapinduka kwenye ule mkato wa pili wa kujirudisha njiani.

3. Ukiwa ndani ya mikondo iliyochimbwa na malori, usilazimishe kutoka kwa nguvu. Punguza mwendo, subiri mahali ambapo kina ni kifupi.

4. Ukingo wa korongo upande na ushuke ukiwa umenyooka. Ukishindwa kupanda, rudi kinyumenyume kwa njia ile ile, usigeuze katikati. Gari likianza kuserereka ubavu kwenye mteremko, elekeza pua chini.

5. Upepo wa tairi. Kama barabarani unatumia 32, kwa gari lisilo na mzigo mzito unaweza kushusha hadi 20 hivi ili tairi itandaze mguu na isizame. Lakini ukishapunguza, usikimbie wala usikate kona kali: tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu, rimu ikachimba, mambo yakaishia pale pale. Ukitoka mchangani, jaza tena.

Ndugu zetu wa Oman, ambako Waswahili ni wengi, wanaijua sana hiyo ya upepo. Kabla ya kuingia jangwa la Wahiba, wanapunguza kwanza upepo. Wao wanafanya kwa starehe ya vilima vya mchanga. Kwetu ni safari ya mnadani au hospitali.

Kikubwa zaidi: vizito viwe chini, vifungwe, na keria ibebe vyepesi. Mkanda ufungwe, kwa sababu gari linapobiringika, anayerushwa nje anaweza kulaliwa na gari lenyewe. Aliye juu ya magunia hana mkanda wala paa. Kama nafasi iliyobaki ni ya juu, bora usubiri gari jingine, hata kama ni la kesho. Na dereva akikimbiza, piga bodi, mwambie. Nauli umelipa, una haki ya kusema.

Madereva wa Kasekese, Karema na Mishamo, ninyi mchanga mnaupitaje? Mwageni uzoefu hapo chini.