Daraja la mbali, bei ya Masha

Ukitaka kujua kama kuna daraja limeharibika mahali, si lazima ufike mtoni. Simama Masha, pale mikungu ya matoke inapopangwa kando ya barabara ikingoja lori la Kampala. Mikungu ikilala hapo usiku wa pili, na dalali akaanza kushusha bei bila kueleza sababu, jua kuna mto umefunga njia.

Masha iko katika wilaya ya Isingiro, kwenye barabara ya lami inayotoka Mbarara kwenda mpaka wa Tanzania pale Kikagati. Upande wa mashariki wa wilaya hiyohiyo kuna makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine wengi. Kati ya Nakivale na Mbarara biashara hailali: vitenge, mahindi, maharage, dagaa, simu na vipuri vya pikipiki. Muuzaji wa Base Camp na mkulima wa matoke wa Masha huenda hawajuani, lakini mizigo yao hupita juu ya madaraja yaleyale.

Ndiyo maana mkazi wa hapa ana haki ya kufuatilia ujenzi wa daraja hata kama liko safari ya saa kadhaa kutoka nyumbani kwake. Wengi wetu tumezoea kudhani daraja ni la watu wanaoishi kandokando yake. Mei 2023 ilituonyesha vingine.

Usiku Katonga ilipokatika

Mvua za masika za mwaka ule zilijaza mto Katonga, unaokatiza barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, mbele kidogo ya Kayabwe penye alama ya ikweta. Tarehe 11 Mei 2023 mamlaka ya barabara ya Uganda, UNRA, ililazimika kufunga njia baada ya mafuriko kuharibu kivuko cha Katonga. Hiyo ndiyo barabara inayounganisha Kampala na Mbarara. Ndiyo pia inayobeba sehemu kubwa ya mizigo ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo itokayo bandari ya Mombasa.

Magari yaliambiwa yazunguke kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria hadi Masaka. Kwa msafiri asiye na mzigo, huo ulikuwa usumbufu wa saa chache. Mwenye matoke, nyanya au samaki alipata hasara ya moja kwa moja, kwa sababu mali yake haingoji. Njia ilipoanza kurejea kidogokidogo, magari madogo ndiyo yaliyotangulia kuruhusiwa. Malori mazito yaliendelea kusubiri, na ndiyo yanayobeba biashara yetu.

Wazee wa Mbarara hawakushangaa sana. Mwaka 1985, wakati wa vita, mto huohuo wa Katonga ulikuwa mstari kati ya wapiganaji wa NRA upande wa magharibi na jeshi la serikali upande wa Kampala. Kwa miezi kadhaa nchi ilikuwa imekatika vipande viwili pale darajani. Kusini kwetu nako, Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Kyaka juu ya mto Kagera katika ardhi ya Tanzania. Aliyewahi kuishi miaka hiyo anajua kwamba kabla chumvi haijapanda bei dukani, kwanza kuna mahali haipiti.

Hesabu ya mkungu

Tuchukue mfano mdogo ambao kila mfanyabiashara anaweza kuupima kwa namba zake mwenyewe. Lori limepakia mikungu 400 kwenda Kalerwe au Owino. Mzunguko unaongeza mafuta, posho ya dereva na utingo, na usiku mmoja zaidi njiani. Tuseme jumla ya nyongeza ni shilingi 400,000 za Uganda. Kila mkungu sasa umebeba shilingi 1,000 ambazo jana hazikuwapo.

Nani atazilipa? Mnunuzi wa Kampala hataki, kwa sababu anaweza kula posho au viazi. Mwenye lori hawezi, kwa sababu mafuta ameshayanunua. Zinarudi kwa yule aliye mwisho wa mnyororo, yaani mkulima wa Masha, ambaye matoke yakishakatwa hana nguvu ya kungoja. Na kama mikungu 40 itaiva njiani, hasara hiyo ni juu ya ile ya kwanza.

Kwa mfanyabiashara wa Nakivale hesabu inakuja kwa upande wa pili. Bidhaa zake nyingi hutoka Kampala kupitia Mbarara. Lori likichelewa, rafu zinabaki tupu, na mteja aliyepokea fedha zake za mwezi anakwenda kuzitumia kwingine. Mtaji wake haukuibiwa wala kuungua. Umesimama tu kwenye foleni mtoni.

Kufuatilia ujenzi, hatua kwa hatua

Daraja jipya linapoanza kujengwa, magazeti huandika mara mbili: siku ya jiwe la msingi na siku ya kukata utepe. Kati ya siku hizo mbili ndiko fedha za mfanyabiashara zinakoamuliwa, na huko ndiko mkazi anapaswa kutazama.

Mfano ulio wazi zaidi Uganda ni daraja jipya la Jinja juu ya mto Nile. Tangu 1954 malori yote ya Malaba na Busia yalikuwa yakivuka Nile juu ya bwawa la umeme la Owen Falls, linaloitwa sasa Nalubaale. Umri ulilichosha daraja lile, huku uzito wa mizigo ukiongezeka kila mwaka. Ujenzi wa daraja jipya ulizinduliwa Januari 2014 kwa mkopo wa Japani kupitia shirika la JICA, pamoja na mchango wa serikali ya Uganda. Likafunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Lina urefu wa mita 525, na sehemu yake ndefu zaidi isiyo na nguzo chini ni mita 290, ikining'inia kwa nyaya.

Karibu miaka mitano ilipita kati ya jiwe la msingi na utepe, na kazi ilipitia hatua ambazo hata asiye mhandisi anaweza kuzitambua. Kwanza mitambo hutoboa ardhi kutafuta mwamba au udongo mgumu. Halafu misingi inamwagwa, na kwa muda mrefu ukipita barabarani huoni kitu, kwa sababu kazi iko chini ya maji na matope. Baadaye nguzo zinapanda haraka na watu wanafurahi. Kisha inakuja hatua inayosahauliwa: barabara za kuingilia, yaani tuta linalounganisha daraja na njia ya zamani. Daraja linaweza kusimama likiwa zima kabisa huku malori yakiendelea kuzunguka, kwa kuwa tuta halijashindiliwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia daraja limekaribia kwisha kwa sababu ameona nguzo, muulize tuta limefika wapi. Jibu hilo ndilo litakaloamua lini upange safari zako kwa njia ya kawaida.

Baada ya utepe

Kufuatilia hakuishii kwenye sherehe. Daraja la Karuma, kaskazini mwa Uganda, lilijengwa mwaka 1963, na ndilo njia kuu ya kwenda West Nile. Mwaka 2024 lilionekana limechoka. Malori mazito yalizuiwa kwanza, kisha kuanzia Septemba likafungwa kwa magari yote ili litengenezwe, na likafunguliwa tena mwishoni mwa mwaka. Wafanyabiashara wa Arua na wale wa ng'ambo ya mpaka, Kongo na Sudan Kusini, walizunguka kwa miezi mitatu.

Tofauti ya Karuma na Katonga ni kubwa kwa mtu wa biashara. Karuma ilifungwa kwa tangazo, na aliyesoma tangazo alipata muda wa kujaza ghala au kubadilisha njia. Katonga iligonga usiku. Matengenezo yakipangwa ni gharama, lakini ni gharama unayoweza kuihesabu kabla. Daraja lililoachwa mpaka mto uamue lenyewe halikupi siku hata moja.

Wala mto haujai kwa mvua peke yake. Baada ya Katonga kukatika, mjadala uligeukia bonde la Lwera: uchimbaji wa mchanga na mashamba ya mpunga katika ardhi oevu ambayo zamani iliyanyonya maji na kuyaachia polepole. Hilo halipo mbali na sisi. Mto Rwizi, unaopita Mbarara na kuinywesha mji huo, umevamiwa kingo zake kwa kilimo na ufyatuaji wa matofali. Kingo zikiisha, kiangazi mto unakauka, na masika unakuja kwa hasira juu ya madaraja na makalavati yetu wenyewe.

Kuna na uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori lenye mzigo wake, na kila ekseli ina kiwango chake. Sote tunamfahamu mwenye lori anayejisifu kwamba anajua namna ya kuukwepa mzani. Tani anazozidisha anazilipia yule anayevuka baada yake, siku daraja litakapowekewa kizuizi.

Kagera iko mlangoni kwetu

Kwa watu wa Masha, mto wa kutazama kwa karibu ni Kagera. Barabara ya Mbarara hadi Kikagati iliwekwa lami, nayo inaishia kwenye daraja la Murongo. Ng'ambo ni wilaya ya Kyerwa, kisha Karagwe, nchi ya kahawa, maharage na ndizi. Mei 2023, mwezi uleule Katonga ilipokatika, Rais Museveni na Rais Samia walikutana Kikagati kuzindua kituo cha umeme cha megawati 14 kilichojengwa juu ya Kagera, ambacho umeme wake hugawanywa kati ya nchi hizo mbili. Mto mmoja ulikuwa unatenganisha, mwingine unaunganisha.

Faida ya daraja la mpakani inaonekana vizuri pale Rusumo, kati ya Rwanda na Tanzania, juu ya Kagera hiyohiyo. Daraja la zamani lilikuwa la njia moja, malori yakipokezana. Daraja jipya la njia mbili, lililojengwa kwa msaada wa Japani pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, lilizinduliwa Aprili 2016 na Rais Kagame na Rais Magufuli. Somo la Rusumo ni kwamba zege na forodha vilijengwa pamoja. Ukivuka mto kwa dakika mbili halafu ukalala mpakani siku mbili, daraja halijakusaidia.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hilo linagusa mfuko moja kwa moja. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unamruhusu mwenye bidhaa za asili ya nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000 kutumia cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa palepale mpakani. Mama wa maharage anayevuka na magunia matano anakihitaji cheti hicho kama anavyolihitaji daraja. Kwa mfanyabiashara mkimbizi wa Nakivale kuna jambo jingine: hati yake ya kusafiria. Mzigo wake unaweza kuvuka na yeye mwenyewe akarudishwa, hivyo hati ni ya kuulizia kabla ya kukodi lori.

Ya kuuliza kabla ya kupakia

Vyama vya wafanyabiashara vya Mbarara, Isingiro na Nakivale vinaweza kufanya jambo ambalo mtu mmoja hawezi: kumteua mtu wa kufuatilia mito iliyo kati yetu na masoko yetu. Kazi yake haihitaji shahada. Aulize ofisi ya wilaya na wizara ya ujenzi daraja lipi limepangiwa matengenezo msimu ujao. Aulize kizuizi cha uzito ni tani ngapi na kimewekwa lini. Aulize njia ya kuzunguka ni ipi na kama inabeba lori lenye mzigo wakati wa mvua. Majibu yabandikwe sokoni, kwa Kiswahili, mahali dereva na muuzaji wa mboga wote wanapita.

Na kabla ya lori kuondoka, mkulima na mwenye lori waandike mstari mmoja katika makubaliano yao: njia ikifungwa baada ya kupakia, gharama ya mzunguko inagawanywaje. Mei 2023 wengi waligombana juu ya mstari huo wakati mikungu ilikuwa tayari njiani. Masika yanarudi kila mwaka kuanzia Machi, na huo ndio mwezi wa kuwa mmeshaelewana.