Mashine ya Kazi Moja na Mwalimu Wake

Juma hili nimeonelea nizungumzie jambo linalosemwa sana mabarazani, tangu Forodhani hadi Darajani, nalo ni hii inayoitwa akili mnemba. Wapo wanaoamini kwamba itatunyang'anya kazi zote, na wapo wanaoamini kwamba itatutajirisha huku tumelala. Mimi naona wote wanaizungumzia mashine wasiyoitazama ikiwa kazini. Basi na tuitazame, na mfano hatuna haja ya kuufuata mbali, kwani upo hapa hapa Unguja.

Kwanza tufahamiane. Ziko akili mnemba zinazojibu kila unaloziuliza, na ziko zilizofundishwa kazi moja tu. Mara nyingi hizi za pili ndizo zinazozifaa zaidi afisi na biashara. Fundi wa kuchonga milango hatuendi kwake kushonesha kanzu, na wala hilo halimpunguzii sifa.

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kuvipiga picha visiwa vyetu kutoka angani. Zilitumika ndege ndogo zisizo na rubani, na vijana wa SUZA walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Eneo lenyewe ni zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na picha zilitoka safi kiasi cha kuonesha paa la nyumba moja moja.

Lakini picha peke yake si ramani. Afisi inayotaka kujua nyumba zipo ngapi, ili ipange maji, umeme au kodi ya majengo, lazima imweke mtu mbele ya kompyuta azungushie mstari kila paa. Ni kazi ya kuumiza macho na mgongo, na mji nao haumsubiri karani. Kabla hajamaliza Kwerekwe, Fuoni na Tunguu kumeshaota nyumba nyingine.

Ndipo mwaka 2018 yakafanyika mashindano ya kimataifa ya kuifundisha kompyuta kazi hiyo, kwa kutumia picha hizo za Zanzibar. Kazi ilikuwa hii: itafute majengo, na kila jengo iseme ni la aina gani kati ya tatu, yaani lililokamilika, lisilokamilika, au msingi tu.

Sasa, mashine kama hiyo hujifunzaje? Huoneshwa maelfu ya majengo ambayo watu wamekwisha kuyazungushia mstari kwa mkono na kuyaandikia aina yake. Hubahatisha, husahihishwa, hubahatisha tena, mpaka makosa yanapungua. Halafu hupewa picha isizowahi kuziona, ipimwe. Ikifuzu, hutazama mtaa mzima kwa muda ambao karani hajamaliza kichochoro kimoja.

Naomba tusimame hapo kidogo. Kila inachokijua mashine ile kimetoka kwenye macho na mikono ya watu. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ikiwa mfundishaji ameandika banda kuwa ni nyumba, mashine itaandika mabanda mengi kuwa ni nyumba, tena kwa kasi na bila kuona haya. Msingi usiopanda ukuta huweza kufanana na uwanja mtupu. Na mtazame Mji Mkongwe wetu, nyumba imeegemea nyumba na paa limegusana na paa. Kuzitenganisha kutoka juu ni mtihani, na anayejua wapi inaishia nyumba ya huyu na kuanza ya yule ni mtu wa mtaa.

Kwa hiyo karani aliyekuwa akichora mistari hajawa mtu wa kutupwa. Kazi yake imebadilika, kutoka kuchora hadi kukagua. Mwenye afisi akimfukuza kwa kuona kwamba mashine imetosha, atabaki na majibu mengi na hana wa kumwambia lipi ni kweli.

Hali ni hiyo hiyo kwenye biashara. Chukulieni karafuu. Mtu akitaka mashine ya kutenganisha kwa picha karafuu safi na makonyo, hatokwenda kwa mtaalamu wa kompyuta peke yake. Atamhitaji mwenye kuijua karafuu kwa kuiona na kuishika, amfundishie mashine yake. Ujuzi huo ni mali, na mwenye nao astahili kulipwa.

Pengine mnadhani haya bado yako mbali na mfuko wa mtu wa kawaida. La hasha. Tangu Novemba 2012 Kenya walikuwa na M-Shwari, na mwaka 2014 Tanzania ikapata M-Pawa, mikopo midogo inayotolewa kwa simu. Pale hakuna meneja wa kukukagua uso. Kompyuta hutazama unavyoitumia simu yako na fedha zake, kisha huamua upate kiasi gani au ukose. Kwa mwenye genge anayetaka mtaji wa asubuhi, huo ni msaada mkubwa. Lakini akikataliwa, amuulize nani?

Hili sheria imeligusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ambayo Zanzibar inahusu mambo ya Muungano, inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa sana usiachiwe mashine peke yake. Haki hiyo ni vyema tuijue, kwani haki isiyojulikana haidaiwi.

Basi mfanyabiashara mwenzangu, awe na hoteli Shangani au duka Mwanakwerekwe, akiletewa mashine ya namna hii na aulize maswali matatu. La kwanza, inafanya kazi gani moja? Akiambiwa inafanya kila kitu, afunge mkoba. La pili, imefundishwa kwa mifano ya wapi? Iliyofundishwa kwa wateja wa London haijui msimu wetu wa masika wala mwezi wa Ramadhani. La tatu, ikikosea, ni nani atakayeona na atakayejibu? Hapo pawe na mtu, mwenye jina na mwenye kuijua kazi.

Kuuliza si ujinga. Mashine ya kazi moja ni mtumishi mzuri, hachoki wala hasinzii. Lakini mtumishi asiye na msimamizi huharibu mali kwa bidii ile ile anayoitengenezea. Kwa leo naishia hapa.