"Mock": mtihani ao kuchekwa? Neno moja la Kiingereza linalochanganya wazazi wa Bukavu

Mama mmoja wa Kadutu alikuja kutuona hapa redioni, simu mkononi. Kijana wake wa miaka 16 anasoma Kampala, kidato cha S4. Mwezi wa saba, kijana alimwandikia kwa Kiingereza: "Next week we have mock." Mama hajui Kiingereza. Akamuuliza jirani, na jirani akamweleza vizuri kabisa: mock ni mtihani.

Majuma machache nyuma, message ingine ikafika: "They mock me every day." Safari hii mama hakuuliza mtu. Neno alishalijua. "Nikasema, kumbe kule banafanya mutihani kila siku! Nikamujibu: jikaze mwanangu, soma sana, itapita," anasimulia.

Kijana hakujibu. Mwezi mzima hakuandika kitu.

Message ya pili haikuzungumzia mtihani hata kidogo. Kijana alikuwa anamwambia mama yake: "Wananicheka kila siku."

Wazazi wengi wa muji wetu wana watoto Uganda, Kenya ao Tanzania, na hii neno wanakutana nayo. Ndio maana tumeona vizuri kuieleza.

Maana ya kwanza: kumcheka mtu kwa dharau

Linasomwa "mok". Maana yake ni kumcheka mtu ili kumshusha, mara nyingi kwa kumwiga: namna anavyosema, anavyotembea, anavyovaa. Kiswahili cha vitabu kinasema kudhihaki ao kukejeli. Sisi hapa tunasema tu kumcheka mtu, ao kumchekelea.

Waliosoma Kifaransa watalitambua haraka, sababu ni ndugu ya "se moquer". Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, sawa vile walivyochukua maelfu ya maneno mengine baada ya Wanormandi kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Tofauti ni moja: Kifaransa kinaweka "de" kati, lakini Kiingereza hakiweki kitu. Wanasema "they mock me", basi.

Mfano ambao wengi wetu tunaujua uko ndani ya Injili ya Matayo, sura ya 27. Askari wanamvika Yesu joho, wanamwekea taji la miiba, wanamshikisha mwanzi mkononi, kisha wanapiga magoti mbele yake kama mbele ya mfalme. Biblia za Kiingereza zinatumia hapo neno "mock", na ya Kiswahili inasema walimdhihaki. Angalia vizuri walichofanya: waliiga heshima ya mfalme, kumbe lengo ni kumdharau. Kuiga ili kushusha, hicho ndicho kiini cha neno hili.

Maana ya pili: kitu cha kuiga

Sasa mtihani unaingia fasi gani? Unaingia kwa njia ileile ya kuiga. Kwa Kiingereza, "mock" ni pia kitu kinachofanana na cha kweli lakini si chenyewe. "Mock trial" ni kesi ya mazoezi ambayo wanafunzi wa sheria wanaicheza kama vile wako mbele ya tribinali. Na "mock exam" ni mtihani wa mazoezi unaoiga ule wa serikali. Kifaransa kinasema "examen blanc".

Uganda, wanafunzi wa P7, S4 na S6 wanafanya mock miezi michache mbele ya mitihani ya taifa. Kenya na Tanzania pia wanaijua sana. Ndani ya mtihani huo hakuna mtu anayechekwa.

Namna ya kuzitofautisha

Si lazima ujue Kiingereza chote. Angalia neno linalofuata "mock".

Kama ni mtu ndiye anafuata, "mock me", "mock him", "mock us", basi kuna mtu anachekwa. Ukiona "mocking" ao "mocked" juu ya mtoto wako, ni vilevile.

Kama ni "we have mock", "mocks", "mock exams", "mock results", hapo ni mtihani. Muulize tu siku gani na masomo gani, umtakie heri.

Kuna maneno mengine mawili ya jirani. "Tease" ni kutania: wote wawili wanacheka, na ukisema basi, mwenzako anaacha. "Bully" ni nzito zaidi: ni kumwonea mtu mara kwa mara, kwa maneno, kwa ngumi ao kwa simu, sababu unajua hana nguvu ya kujitetea. "Mock" iko katikati. Inaweza kuwa ya siku moja ikapita. Lakini kijana anayeandika "every day", ni kusema kila siku, ameshavuka mpaka wa kutania.

Wanacheka nini?

Kijana wa huyu mama walikuwa wanamcheka juu ya Kiingereza chake. Akisema neno lenye harufu ya Kifaransa, darasa zima linalirudilia. Akisema Kiswahili cha Bukavu, wanacheka tena.

Hapo tuseme wazi. Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa ndani ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Mtu wa Nairobi ao wa Dar es Salaam anaweza kushangaa akisikia "banakuya", lakini hiyo ni namna yetu ya kusema, si ugonjwa. Na mtoto anayejifunza lugha yake ya tatu ao ya nne akiwa na miaka 16 hastahili kuchekwa.

Kucheka mtu juu ya lugha ni jambo la zamani ukanda huu. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, namna wanafunzi wa wakati wake waliokamatwa wakisema Kikikuyu shuleni walivyopigwa ao kuvalishwa bamba la chuma lenye maandishi ya kuwaita wajinga ao punda. Hapa kwetu pia wengi wanakumbuka shule ambako aliyesahau Kifaransa alivalishwa kitu shingoni mpaka amkamate mwenzake.

Na sisi wenyewe tunacheka. Nani kati yetu hajaiga namna mtu aliyefika kutoka kijijini anavyosema, ao mwenye kigugumizi, mbele ya watu wanaomchekelea? Mtoto wetu anachotendewa Kampala, mtoto wa mwingine anatendewa hapa, ku shule za Ibanda, Kadutu na Bagira.

Mzazi afanye nini

Kwanza, usijibu haraka. Kama hujaelewa message, omba mtoto atume sauti kwa Kiswahili. Sauti inaonyesha kama ana huzuni.

Pili, usimwambie "achana nao" halafu basi. Muulize nani, wapi, tangu lini, na kama mwalimu anajua.

Tatu, andikia shule. Walimu wengi wa Uganda hawasomi Kifaransa, kwa hiyo unaweza kunakili hii: "My child is being mocked in class. Please help us." Ni kusema: mtoto wangu anachekwa darasani, tafadhali mtusaidie. Sentensi mbili zinatosha kuanza.

Yule mama wa Kadutu alipiga simu jioni ileile. Tulimuuliza kijana alisema nini. Alinyamaza kidogo, kisha akatuambia: "Alisema, maman, wakati uliniandikia itapita, nilizania hata weye unanicheka."

Walizungumza karibu saa nzima. Kesho yake mama aliandikia shule, na mwalimu wa darasa alimjibu kwamba atafuatilia. Kijana bado anasoma kule. Siku hizi message zake zinaanza na Kiswahili, na Kiingereza kinafuata.