Chavua ya Nyasi katika Nchi ya Pamba

Mmea unaochavushwa na upepo hauhitaji ua la rangi wala harufu. Hutoa chavua nyingi, kavu na nyepesi, na kuiachia hewani. Nyasi ndizo hodari zaidi kwa hilo, nazo katika kata ya Mwamanyili, wilayani Busega mkoani Simiyu, hazikosekani: kandokando ya mashamba, kwenye malisho na ndani ya ngitili, maeneo ambayo Wasukuma huzuia mifugo kuingia wakati wa mvua ili yawe akiba ya kiangazi. Desturi hiyo ilifufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, na ni moja ya hazina kubwa za ufugaji nchini. Ila nyasi isiyoliwa hukua hadi ikachanua.

Ulaya, chavua ya nyasi huwa na msimu wake baada ya baridi kwisha. Karibu na ikweta hali hufuata mvua. Simiyu hupata vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei, hivyo anayesumbuliwa na chavua anaweza kupiga chafya mara mbili kwa mwaka, kisha vumbi la kiangazi likabebeshwa lawama zote.

Lawama nyingine huangukia maua ya pamba na alizeti, bila haki. Chavua yake ni nzito na hunata; hubebwa na nyuki, si upepo. Mahindi hutegemea upepo, lakini punje yake ya chavua hukaribia sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo nyingi huanguka palepale shambani. Ya nyasi nyingi ni kama sehemu ya thelathini tu, na husafiri mbali.

Charles Blackley, daktari wa Manchester aliyekuwa na mzio wa chavua yeye mwenyewe, alijipaka chavua ya nyasi puani na kurusha tiara ili kuinasa angani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1873. Leo inajulikana kwamba kinga ya mwili ya baadhi ya watu huichukulia chavua kama adui. Ikiingia, seli za pua na macho humwaga kemikali iitwayo histamini, na hapo kuwashwa, chafya na machozi huanza.

Mafua ya virusi kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili, mara nyingine yakiwa na homa. Mzio hauna homa, kamasi zake ni nyepesi kama maji, na hurudi majira yaleyale. Antibiotiki haziutibu, na kuzinywa kwa ajili yake ni kupoteza fedha na kujenga usugu wa vijidudu. Zinazosaidia ni dawa za kuzuia histamini. Mojawapo, Piriton, huleta usingizi, jambo la hatari kwa dereva wa bodaboda. Cetirizine na loratadine hazileti usingizi sana. Kunawa uso, kubadili nguo baada ya kukata nyasi, kufunika pua kwa kitambaa na kuisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa hupunguza mzigo.

Kwa mwenye pumu, chavua si kero tu. Novemba 2016, dhoruba ya radi iliyokutana na chavua ya nyasi mjini Melbourne, Australia, ilisababisha vifo vya watu 10. Mgonjwa ambaye kifua kinapiga filimbi, anayeshindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au ambaye dawa ya kuvuta haimpi nafuu, apelekwe kituo cha afya mara moja, hata usiku.