Dakika 90 uwanjani, siku mbili barabarani

FILIMBI ya mwisho ilipolia kwenye Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, Februari 9, 2025, ubao ulisomeka 2-2. Namungo na Dodoma Jiji wakagawana pointi. Kwa wenyeji kazi ilikuwa imekwisha. Kwa Walima Zabibu ilikuwa imebaki nusu: kurudi Dodoma.

Kesho yake, Februari 10, basi la timu hiyo lilipata ajali wilayani Kilwa, hukohuko mkoani Lindi. Wachezaji na watu wa benchi la ufundi waliumia. Hakuna aliyepoteza maisha, na hilo ndilo lililowapa watu pumzi, wa Simba kwa wa Yanga.

Mechi iliyokuwa inafuata, dhidi ya Simba, ikasogezwa mbele ikawa kiporo. Ilipochezwa mwezi Machi, Simba walishinda 6-0. Haitakuwa haki kusema ajali ndiyo iliyofunga mabao yale, maana Wekundu wa Msimbazi msimu ule walikuwa wa moto. Lakini ukifungua msimamo wa ligi utaona mechi zilizochezwa, ushindi, sare, vipigo, mabao na pointi. Safu ya kilomita haipo.

Ingekuwapo, mijadala mingi ya vijiweni ingebadilika.

KATIKATI YA NCHI, MBALI NA KILA MTU

Dodoma ipo katikati ya Tanzania. Mwaka 1973 ilipoamuliwa kuwa makao makuu, moja ya hoja ilikuwa hiyo: mtu wa Kagera na mtu wa Mtwara wote wafike bila mmoja kuonewa. Kwa Serikali ni hesabu nzuri. Kwa timu ya mpira, hesabu hiyohiyo inageuka mwiba.

Chukua msimu wa 2024/25. Ligi Kuu ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, na 15 kati ya hizo ni za ugenini. Msimu ule Yanga, Simba, Azam, KMC na JKT Tanzania wote walikuwa Dar es Salaam. Maana yake kila mmoja wao alikuwa na mechi nne za "ugenini" ambazo mchezaji anakunywa chai nyumbani kwake, anapigana na foleni ya mjini, anacheza, na usiku analala kitandani kwake.

Dodoma Jiji hawakuwa na hata moja ya namna hiyo. Mpinzani wao wa jirani kabisa alikuwa Singida Black Stars, na huyo "jirani" yuko kilomita 240 hivi. Wa pili ni Fountain Gate pale Babati, kilomita 250 na ushei, kwa barabara ya Kondoa iliyofunguliwa rasmi kwa lami mwaka 2018. Hizo ndizo safari fupi.

Baada ya hapo inaanza shughuli yenyewe. Kwenda Mbeya unateremka hadi Mtera, unapanda milima ya Nyang'oro, unaitafuta Iringa, kisha unaendelea na nyanda za juu. Kwenda Mwanza unapita Manyoni, Singida na mteremko wa Sekenke. Bukoba, walikokuwa Kagera Sugar hadi waliposhuka daraja mwishoni mwa msimu ule, inakaribia kilomita 1,000.

Na Ruangwa? Ukitazama ramani, Lindi iko kusini mashariki ya Dodoma, unaweza kudhani kuna njia ya mkato. Basi la timu linakwenda Morogoro, Chalinze, linaingia Dar es Salaam, ndipo linaanza kushuka kusini. Ni kati ya kilomita 900 na 1,000, kutegemea njia itakayochaguliwa mwishoni.

DAKIKA MOJA KWA KUMI NA TANO

Piga hesabu ya haraka. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa basi nchini ni kilomita 80 kwa saa, na ukiingia makazi ya watu unashuka hadi 50. Tuchukulie basi lisisimame mahali, lisikute tuta, mizani wala trafiki, likimbie 80 mwanzo mwisho. Kilomita 900 zitachukua saa 11 na robo. Kwenda na kurudi ni saa 22 na nusu.

Saa 22 na nusu ni dakika 1,350. Mechi ni dakika 90. Kwa hiyo kila dakika moja mchezaji anayokimbia Ruangwa ameilipia dakika 15 za kukaa kwenye kiti, na hapo tumehesabu safari ya ndoto. Safari ya kweli ina chakula cha njiani, kuchimba dawa, foleni na pancha.

Watani husema timu ndogo ikija ugenini inapaki basi. Wasichosema ni kwamba kabla ya kulipaki, imeshinda ndani yake kutwa nzima.

Kocha yeyote anajua kinachotokea kwenye mwili. Misuli ya nyuma ya paja inakaza, kiuno kinauma, miguu inavimba, usingizi unakuja vipandevipande. Mazoezi ya mwisho kabla ya mechi yanageuka kuwa ya kunyoosha viungo. Kisha mchambuzi anasema kwenye redio kwamba timu "iliingia taratibu kipindi cha kwanza".

Simba na Yanga safari za Mwanza, Bukoba au Mbeya mara nyingi hupanda ndege. Hawana kosa, wana uwezo. Timu ya kawaida ikitazama bei ya tiketi za msafara mzima inarudi kwenye basi. Na ikifika huko, mapato ya getini ni ya mwenyeji. Mgeni anagharamia mafuta, hoteli, chakula na posho, na anachoweza kurudi nacho ni pointi tu, akizipata. Fedha za haki za matangazo, ule mkataba wa miaka 10 wa Sh225.6 bilioni uliosainiwa na Azam Media mwaka 2021, zimesaidia klabu kupumua. Hazijafupisha barabara.

Duniani kuna safari ndefu kuliko hizi. Kule Australia, Perth Glory wakienda kucheza na Wellington Phoenix ya New Zealand wanavuka zaidi ya kilomita 5,000. Lakini wanavuka angani. Kinachomuumiza mchezaji wa Dodoma ni kilomita na tairi kwa pamoja.

NOAH YA KUTOKA MPWAPWA

Shabiki naye ana safari yake. Siku Simba au Yanga wakija Uwanja wa Jamhuri, uwanda wa kati wote unasogea Dodoma. Noah na kosta zinatoka Mpwapwa, kilomita 120 hivi. Zinatoka Manyoni, Kondoa, Kongwa, Kibaigwa. Wengine wanatoka Singida alfajiri kabla jogoo hajachoka kuwika.

Mtu ameacha shamba au genge, amechanga nauli na wenzake, amekula chipsi mayai nje ya uwanja, amesimama juani. Mpira ukiisha jioni, wanapakiana tena, wanane kwenye gari la watu saba, kuitafuta nyumba usiku wa manane. Mechi ile ingeonekana kwenye kibanda umiza cha kijijini kwake kwa pesa ya andazi na chai. Hilo analijua vizuri. Alitaka kumwona mchezaji wake kwa macho yake, basi.

Kwa upande wa Dar es Salaam, reli imebadilisha mambo. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ikipangwa Sh31,000. Safari ya kilomita 450 za barabara iliyokuwa inakula kutwa nzima sasa inaweza kuisha kabla ya chakula cha mchana. Shabiki wa Dodoma anaweza kwenda Kwa Mkapa bila kuomba ruhusa ya siku tatu kazini, ila akumbuke treni haisubiri dakika za nyongeza. Tatizo ni kwamba kwa abiria, reli hiyo bado inaishia Dodoma. Vipande vya kuelekea Tabora, Isaka na Mwanza vinajengwa. Na Lindi haina treni ya aina yoyote.

KABLA YA BASI LINGINE

Hakuna anayeweza kuisogeza Ruangwa karibu na Dodoma. Namungo nao wanapokuja Jamhuri wanaikata njia ileile. Ligi ya nchi nzima lazima izunguke nchi nzima, na huo ndio utamu wake.

Ila yapo yanayowezekana. Ratiba inaweza kuunganisha mechi za ukanda mmoja, timu ikienda Tabora imalize na Kigoma kabla ya kurudi. Klabu zinaweza kuweka kwenye bajeti usiku mmoja wa kulala baada ya mechi na dereva wa pili wa kupokezana. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, kishawishi cha kuondoka filimbi inapolia tu kimekuwa kikubwa, kwa sababu kinaokoa pesa ya hoteli.

Pointi moja ya Ruangwa imeandikwa kwenye msimamo wa msimu ule na haitafutika. Wachezaji walioipata walikaribia kuilipia roho zao, siku moja baada ya mpira kwisha. Safari ijayo ya kusini ipo kwenye ratiba, na basi litapita Kilwa tena.