Risiti Isiyo na Wino: Jinsi Mashine za Kuchapia Zinavyofanya Kazi

Mkazi wa Kata ya Ruanda anayelipa ushuru wa mahindi au kahawa hukabidhiwa risiti ndogo kutoka mashine ya POS. Kwa macho, risiti hiyo imechapwa kwa wino mweusi kama karatasi nyingine yoyote. Kwa hakika haina wino hata tone moja, na maandishi yake yaweza kutoweka kabla haja ya kuwa na risiti haijaisha.

Karatasi ya POS, sawa na ile ya mashine za EFD zilizoanza kutumiwa na wafanyabiashara nchini mwaka 2010, imepakwa kemikali usoni. Ndani ya mashine mna safu ya nukta ndogo zinazopashwa moto kwa umeme, na kila panapoguswa na joto kemikali hugeuka nyeusi. Asiyeamini na aikwaruze kwa ukucha, haraka: mstari mweusi utatokea.

Kwa kuwa joto ndilo lililoandika, joto ndilo liwezalo kufuta maana. Risiti iliyoachwa juani mbele ya kioo cha gari huweza kuwa nyeusi kote. Mwanga, mafuta ya mikono na spiriti huififisha. Hata mfuko laini wa plastiki, ambao wengi huuona kuwa kinga, huweza kuifuta polepole. Baya kuliko yote ni kuipeleka ikagandishwe ndani ya plastiki ya moto kama vyeti: hutoka nyeusi yote, isomeke wapi?

Hasara yake si ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 humtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka 5, na si rahisi risiti ya namna hii kufika huko ikikaa mfukoni. Dawa ni kuitolea kopi mapema na kuambatanisha kopi hiyo na risiti halisi, ikiwa bado inasomeka pamoja na namba zake za uhakiki.

Hata hivyo, kopi nazo si sawa. Mashine kubwa ya kutolea kopi na printa ya leza hutumia wino wa unga, uitwao tona, ambao kwa sehemu kubwa ni plastiki iliyosagwa. Njia hiyo ilibuniwa na Mmarekani Chester Carlson, aliyeifanikisha mwaka 1938. Silinda iliyo ndani hupewa chaji ya umeme. Mwanga huichora sura ya maandishi. Unga hunata penye sura hiyo, kisha huhamia kwenye karatasi. Mwishoni karatasi hupita kati ya rola zenye moto mkali, unga ukayeyuka na kushikamana nayo. Ndiyo sababu kopi hutoka ikiwa na joto. Maandishi ya namna hii hayachuruziki yakilowa.

Printa nyingi za rangi katika steshenari ni za aina nyingine. Hizo hurusha matone ya wino wa majimaji, madogo kuliko jicho liwezavyo kuona, kupitia vitundu vya kichwa kinachokwenda na kurudi. Baadhi huchemsha wino hadi kipovu kikausukuma nje. Nyingine huuminya kwa kijiwe kinachotikiswa na umeme. Hufaa sana kwa picha. Lakini wino wake mara nyingi huyeyuka katika maji, na hati ya mauziano ya shamba iliyochapwa hivyo, ikanyeshewa njiani mwezi Januari, huweza kubaki madoa matupu. Kwa hati kama hiyo inafaa kuulizia mashine ya tona.

Ipo pia printa ya zamani yenye kelele, ambayo sindano zake, 9 au 24, hugonga utepe wa wino. Ubora wa sura yake ni mdogo, ila kwa kuwa hugonga, huandika nakala kadhaa kwa pigo moja.

Kwa mwenye risiti ya POS ambaye hana kopi karibu, kalamu yatosha kwa kuanzia: tarehe, kiasi kilicholipwa na namba ya risiti viandikwe daftarini siku ileile, kwani bila hivyo ni vigumu kuyatafuta malipo hayo katika kumbukumbu za halmashauri.